Maji ya Alhamisi

1

Kapteni Ambakisye Mwakalobo alikuwa na miaka tisa kaburini, lakini kila Alhamisi saa kumi jioni alitua Ikama, na kama kawaida yake alichelewa kuinua pua ya ndege.

Alhamisi hiyo alikuwa anatoka Sumbawanga na abiria tisa: daktari wa mifugo na boksi lake la chanjo, masista wawili, bibi mmoja mwenye chupa ya chai isiyofunga vizuri, na wengine waliolala tangu walipofunga mikanda. Binti yake wa pekee, Subilaga, alikuwa mbele kwenye kiti cha kulia, kile cha fundi, akitazama usukani wa kushoto unavyosogea wenyewe. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu tangu yeye akiwa darasa la tatu, siku walipokuja watu wa wizara na sanduku lao la kijivu, wakauchukua mkono wa baba yake, wakamwachia saa ya ukutani na barua ya shukrani.

Zamani hizo walikuwa wamekwisha kujaribu mashine zinazojirusha kwa hesabu peke yake. Huko tambarare zilifanya vizuri. Huku kwetu milimani, ukungu wa Rungwe ukishuka na upepo ukageuka mara tatu kabla ya chai kupoa, hesabu zilikwama na watu wakakataa kupanda. Ndipo lilipokuja wazo la mikono. Rubani aliyekomaa alivalishwa glavu nyembamba, akarusha nayo miaka kumi, na kila alichofanya kikaandikwa: alivyovuta, alivyolegeza, alivyosita. Mwisho wa miaka kumi mkono uliingizwa ndani ya ndege, naye akarudishwa nyumbani. Ndege moja, mkono mmoja.

Ndege hii iliitwa Nyange, kama yule ndege wa majini, kwa sababu ilikuwa nyeupe na miguu yake mirefu. Subilaga aliijua kwa mlio kabla hajajua kusoma.

"Sasa Nsungu," alijisemea.

Kilima cha Nsungu kilikuwa mbele yao, na Nyange ikaanza kulala kushoto, polepole, kwa madaha. Ndivyo Kapteni Ambakisye alivyopita Nsungu maisha yake yote, kwa kuwa upande wa kulia wakati wake palikuwa na mnara mrefu wa redio. Mnara ulishang'olewa siku nyingi, vyuma vyake vikaezekea mabanda ya ng'ombe. Hakuna aliyeuambia mkono. Na huko kushoto, kwenye anga iliyokuwa tupu siku zote, kiwanda kilikuwa kimesimamisha nguzo za kubebea majani ya chai kutoka mashamba ya juu, na mwezi huu kikaongeza mstari wa pili. Vikapu vya kijani vilining'inia kwenye nyaya, vikipishana taratibu.

Macho ya ndege, zile kamera za puani, yaliziona nguzo. Yakavuta kulia. Mkono ukavuta kushoto. Nyange ikatikisika kama mtu anayegombewa shati, bibi akapiga kelele, halafu ikanyooka na kupita juu ya vikapu kwa nafasi ambayo Subilaga hakuipenda hata kidogo. Wiki iliyotangulia nafasi hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa na uhakika, maana hata wiki hiyo aliipima kwa jicho na akanyamaza.

Baada ya Nsungu ikaja nyumba yao, bati jekundu katikati ya migomba. Nyange ikalaza bawa la kulia, ikalaza la kushoto, ikarudia. Mara mbili. Chini uani mama yake alikuwa amesimama na kitenge chake mabegani, akitazama juu, kisha akaingia jikoni.

Hiyo ilikuwa lugha yao, wazazi wake. Kupunga mabawa mara moja maana yake nashusha abiria tu, naendelea Mbeya, usinisubiri. Mara mbili maana yake leo nalala nyumbani, niwekee maji ya kuoga. Baridi ya Tukuyu haina mchezo, na Kapteni alikuwa mtu wa kuogopa maji baridi kuliko dhoruba. Alhamisi ambayo maandishi yake ya glavu yalichukuliwa kuwa mfano wa safari ile ilikuwa ya kulala nyumbani. Basi mkono ukapunga mara mbili, ukaendelea kupunga mara mbili kila Alhamisi, mwenye mkono akiwepo na asipokuwepo.

2

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekujaje?"

Fundi Kapufi alikuwa mlangoni mwa karakana, daftari la ndege kwapani. Mfipa mfupi, kipara, vidole vimeingiwa na mafuta hadi sabuni ilishakata tamaa navyo. Alianza kazi hapa Ikama enzi za marubani wenye miili, na Kapteni Ambakisye ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa ndoa.

"Nsungu imetuyumbisha," Subilaga akasema.

"Sana au kidogo?"

"Kuna bibi amemwagikiwa chai."

"Chai humwagika hata nyumbani." Kapufi akalilaza daftari juu ya pipa, akalamba ncha ya kidole, akafunua, akaandika.

Pale Ikama kulikuwa na desturi ya mafundi, tena kali kuliko sheria ya wizara: anayetia saini hupanda. Ukiandika kwamba ndege ni nzima, unaingia ndani yake siku hiyohiyo na kwenda inakokwenda. Hakuna kuandika uzima wa ndege ambayo hutaki kukaa ndani yake. Kapufi aliishika desturi hiyo miaka arobaini na moja. Lakini miezi mitatu nyuma moyo wake ulianza matata na daktari akampiga marufuku kuruka. Hakutaka kustaafu. Subilaga alikuwa mwaka wa mwisho wa Chuo cha Anga, palepale uwanjani, na alikuwa anafanya mazoezi ya karakana. Wakakubaliana kimyakimya kwamba mzee atasaini na binti atapanda. Ilionekana jambo dogo.

Subilaga alichungulia juu ya bega lake. "Nsungu: sawa." Akanyoosha mkono, akafunua kurasa za nyuma. Alhamisi iliyopita, Nsungu: sawa. Ile ya kabla, Nsungu: sawa. Mpaka mwezi wa tatu. Kabla ya mwezi wa tatu neno Nsungu halikuwemo kabisa. Na hakuna mtu anayeandika kwamba mguu wake hauumi kama haujawahi kumuuma.

"Fundi, umejua tangu mwezi wa tatu."

Kapufi akafunga kalamu. Alikaa kwanza kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nilipokuwa napanda mwenyewe ilikuwa kitu kidogo," alisema. "Unasikia tumbo limeguswa, basi. Nikasema itakaa sawa."

"Si ungeikata ile kona tu? Ukaacha mengine?"

"Mkono haukatwi kipande, nimekufundisha. Kuna uwanja mmoja walimwondolea rubani tabia ya kugusa breki mapema, wakidhani ni uzee. Kumbe tabia ileile ndiyo iliyokuwa ikimshikilia upepo wa pembeni ukija. Ndege iliishia kwenye viazi. Mkono ni wote au hakuna." Akamtazama. "Nikiandika ukweli hapa, wiki ijayo wanakuja na sanduku. Wanamfuta. Mama Subi atasikiliza nini Alhamisi?"

Subilaga alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini haikupata pa kukaa. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na fomu ya njia, ile ambayo kila mhitimu alitakiwa kuirudisha Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa sita. Njia zilikuwa tatu. Ya mnara, ya kuongoza ndege kutoka chini. Ya karakana. Na ya mkono, ambayo kwa darasa zima walimu walikuwa wamempendekezea yeye peke yake. Walimwambia wazi kwamba akichagua mkono atapewa Nyange, kwa kuwa ndiyo ndege yenye mkono mkongwe kuliko zote hapa. Glavu yake ikiingia, mkono wa baba yake unatoka.

Yeye alikuwa amekwisha kuandika neno "karakana" kwa penseli. Angerithi ndoo ya Kapufi, kalamu ya Kapufi na siri ya Kapufi. Angemtunza baba yake humo ndani mpaka yeye mwenyewe azeeke. Kwa hiyo mzee huyu aliyekaa mbele yake hakuwa amefanya chochote ambacho yeye hakukusudia kukifanya.

"Wiki ijayo tutaona," alisema.

"Tutaona," Kapufi akaitikia upesi mno.

Alirudi nyumbani kwa miguu, nusu saa kupitia mashambani. Njiani alimkumbuka baba yake katika ile miaka minne aliyoishi baada ya kuchukuliwa mkono. Kila Alhamisi alitoka uani na kikombe cha bati kumtazama yeye mwenyewe akitua. "Umechelewa, bwana!" alikuwa akiifokea ndege. "Vuta! Vuta, wewe mzembe!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akimwambia, "Mwache, anajifunza." Na Nyange ilipopunga, Kapteni alimgeukia mkewe na kusema kwa uso mkavu, "Umeambiwa uweke maji."

Alikufa kwa kifua siku ya Jumanne. Walimzika Alhamisi. Wanakwaya wakiwa katikati ya wimbo, mlio ukatokea upande wa Nsungu, na kwaya nzima ikanyamaza bila mtu kuinyamazisha. Nyange ilipita juu ya kaburi lililo wazi, ikapunga mara mbili. Mama yake Subilaga akanyanyuka kutoka kwenye mkeka, katikati ya waombolezaji, akaenda jikoni kuweka maji. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi hata moja. Subilaga alipofika uani, moshi ulikuwa ukitoka jikoni na sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga, inaanza kuimba.

"Umeiona?" mama yake akauliza.

"Nilikuwa ndani yake, Mama."

"Ahaa." Mama akatabasamu, akasukuma kuni.

Usiku ule, kabla ya kulala, Subilaga alichukua kalamu ya wino na kulikoleza lile neno la penseli.

3

Alhamisi iliyofuata mvua ilianza Sumbawanga na ikawasindikiza njia nzima, abiria tena wakiwa tisa, daktari wa mifugo na wale masista wakiwemo.

Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa ile ya kawaida ya huku, ya kusimama kama ukuta, na baba yake aliijua kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Usukani wa kushoto ulisogea kidogo, ukarudi, ukatulia. Subilaga aliweka kiganja karibu nao bila kuugusa, kama alivyokuwa akifanya tangu ameanza kupanda. Aliona aibu kumwambia mtu, lakini hapo ndipo alipokuwa akizungumza na baba yake. Alimweleza habari za chuo. Alimweleza kwamba fomu iko kwenye begi lake ndani ya nailoni, imejazwa, bado kupelekwa. "Nitabaki na wewe," alimwambia. Usukani ukaenda kulia kidogo, kwa sababu ya upepo.

Nsungu ilitokea ndani ya wingu kwa ghafla, karibu kuliko alivyotazamia. Nyange ikalala kushoto.

Subilaga akasubiri macho yavute. Hayakuvuta. Mvua ilikuwa imeyafumba, au yalikuwa yanaona maji tu. Wingu likapasuka mbele yao na akaviona vikapu, viwili, vitatu, vimejaa majani yanayomeremeta, vikibembea kwenye nyaya sawasawa na urefu wa kioo chake.

"Baba, kulia," alisema.

Ndege iliendelea kulala kushoto, kwa madaha, ikiukwepa mnara ambao haukuwepo.

"Baba!"

Usukani wa kulia ulifungwa kwa pini nyekundu. Mwanafunzi yeyote aliijua sheria ya pini ile: haichomolewi ila kwa hatari ya kifo, na ikichomolewa mkono unanyamaza mpaka ndege itue. Subilaga aliichomoa. Alisikia usukani ukilegea mikononi mwake, kitu kikiachia, na kwa muda wa pumzi moja Nyange haikuwa na mtu. Kisha akavuta kulia kwa nguvu zote, mguu umekandamiza, na abiria nyuma wakalia wote kwa sauti moja. Waya ulipita chini ya bawa la kushoto. Alikiona kikapu kikigeuka na majani yakimwagika yote, mengi, yakitawanyika kwenye mvua.

Walikuwa hai. Nyange ilikuwa imenyooka, injini zinanguruma vilevile, na aliyeishika alikuwa yeye.

Mikono yake ilikuwa imetulia ajabu, nayo ilikuwa inajua cha kufanya, na pamoja na hofu yote Subilaga alisikia furaha ambayo aliionea haya.

Bati jekundu likatokea. Mama yake alikuwa uani na mwavuli, uso juu.

Alikuwa na nafasi ya kupunga. Kulaza kulia, kulaza kushoto, ni kazi ya sekunde nne, na usukani ulikuwa mikononi mwake. Mama asingejua tofauti. Subilaga aliitazama ile nyumba ikija, ikafika chini yake, ikapita, na hakupunga. Hakuweza kusema uongo ule kwa mikono yake.

Alitua. Pua aliinua kwa wakati.

Fundi Kapufi alikuja mbio kwenye mvua, moyo mbovu na yote, akasimama chini ya dirisha. Aliiona pini nyekundu mkononi mwa Subilaga kabla hajafungua mlango.

"Umechomoa."

"Nimechomoa."

Mzee akawatazama abiria wakishuka mmojammoja, daktari wa mifugo amemshika mkono yule sista mdogo ambaye miguu ilikataa. Wote tisa. Akawahesabu kwa midomo, akarudia kuwahesabu. Kisha akatoa daftari ndani ya koti na kalamu, akampa.

"Andika wewe. Uliyepanda ni wewe. Mimi nimekuwa nasaini mwili wa mtoto wa mwenzangu." Akaelekeza kidole kwenye ukurasa. "Chini yake niachie nafasi, niandike kwamba nilijua tangu mwezi wa tatu."

"Na mimi nilijua, Fundi. Wiki mbili."

"Basi andika na hilo."

Akaandika, herufi zikichafuliwa na maji.

4

Jikoni hapakuwa na moshi.

Hilo ndilo alilolitazama kwanza, akiwa bado getini. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani akimenya ndizi, beseni la maji meusi ya maganda mbele yake.

"Mama, shikamoo. Leo..."

"Marahaba. Leo haikupunga."

"Najua, Mama. Nisamehe. Nilikuwa..."

"Nikajua kuna mtu ndani." Mama alitupa ndizi kwenye beseni, akachukua nyingine. "Kaa. Umelowa chapachapa. Ni wewe?"

Subilaga akakaa kwenye ngazi na kumweleza yote. Mnara, nguzo, vikapu, daftari la Kapufi, zile wiki mbili zake mwenyewe. Mama hakumkatiza, ila kwenye ule waya kisu kilisimama.

"Watamfuta, Mama. Nimekwisha kuandika. Sikuwa na njia nyingine. Alhamisi ijayo hakutakuwa na..." Akashindwa kumaliza. "Utaweka maji kwa ajili ya nani?"

Mama yake akamtazama kama ambaye hakumwelewa.

"Kwani wewe unadhani nilikuwa nayaweka kwa ajili ya baba yako?"

Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki kudondoka kwenye migomba.

"Siku ya mazishi ndiyo," Mama akasema. "Siku ile akili haikuwa yangu. Niliyaweka, yakachemka, yakapoa, nikayamwaga. Nikasema sitarudia ujinga huu. Alhamisi ya pili ukaja unakimbia kutoka shule, na sare yako ile imekubana, hukunisalimia hata. Ulikwenda moja kwa moja kuchungulia jikoni. Kwa bahati nilikuwa nimekoka moto wa maharage. Ukauona moto, ukaiona sufuria, ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu msiba, Subi. Nikaondoa maharage, nikaweka maji."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa. Yanapoa, namwagia migomba. Hii ya nyuma unaiona ilivyonenepa?"

Subilaga akacheka na kulia kwa pamoja, na hakujua kipi kimeanza. Yeye alikuwa akimtunzia mama, mama akimtunzia yeye, na Kapufi huko karakana akiwatunzia wote wawili, na kwa utunzaji huo watu tisa walikuwa nusura wamalizikie kwenye nyaya za chai.

"Sisemi simkumbuki," Mama akaendelea, polepole sasa. "Namkumbuka kila siku ya Mungu. Namkumbuka asubuhi nikitafuta nani anifungulie kifuniko cha mafuta. Lakini ile ndege hainiulizi habari za goti langu. Inapunga, inakwenda zake. Wiki inayofuata inapunga vilevile, hata nikiwa naumwa. Baba yako alikuwa na makosa mengi, ila hakuwahi kunipita nikiwa naumwa."

"Nikichukua njia ya mkono, ni mimi nitakayekaa mahali pake. Itakuwa mimi ndiye niliyemwondoa."

"Kabla yake palikuwa na mtu pale. Naye aliondoka." Mama akafuta kisu kwenye kitenge. "Kama baba yako angekuwa kwenye kiti kile leo, pini ile angeichomoa mwenyewe, tena kwa matusi ambayo masista wasingeyasahau. Unaipenda kazi ile au huipendi?"

Subilaga alikumbuka mikono yake ilivyotulia juu ya Nsungu. "Naipenda, Mama. Naipenda sana."

"Basi usinitumie mimi kama kisingizio." Akamsogezea kisu cha pili. "Menya. Na jambo moja. Ukishika wewe, usinipungie mabawa. Lile lilikuwa letu, mimi na yeye."

5

Fomu mpya aliijaza Ijumaa saa tano na nusu, mezani kwa karani wa chuo, neno moja la wino lisilo na penseli chini yake.

Watu wa wizara walifika Jumanne na sanduku la kijivu. Muhuri wa Kapufi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa, lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtoa karakana, naye akabaki kwenye ndoo yake, kofia magotini. Kabla ya kuufuta mkono ilibidi waupitishe wote mara moja, ndege ikiwa imesimama chini, kuhakikisha ndio wenyewe. Waliuliza kama kuna ndugu anayependa kukaa ndani. Subilaga akapanda, na safari hii akakaa kiti cha kushoto.

Usukani ukaanza kusogea. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliushika huo wa baba yake, kwa viganja vyote viwili, akaulegezea umpeleke. Ulikuwa mpole. Ulimwonyesha kupaa kwa Sumbawanga, ukungu wa Rukwa, kusita kidogo kabla ya mlima. Alihisi Nsungu kabla haijafika, ule ulalo wa kushoto wa mtu anayekwepa kitu anachokijua. Kisha, ndani ya banda la bati, juu ya sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, usukani ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukarudia. Nje, mabawa ya Nyange yaliyosimama yakatikisa visehemu vyake vya nyuma mara mbili. Kapufi akasimama kutoka kwenye ndoo.

Mwishoni ulichelewa kuinua pua.

"Vuta, wewe mzembe," Subilaga akanong'ona, na usukani ukatulia, na hapo mtu wa sanduku akabonyeza.

6

Alhamisi yake ya kwanza kulikuwa na jua.

Glavu ilimbana kidogo kwenye kidole gumba. Kuanzia dakika ile alipoivaa kila kitu kilikuwa kinaandikwa, na alijua kwamba miaka kumi baadaye yeye naye atarudishwa nyumbani na saa ya ukutani, akae uani ajifokee. Alipita Nsungu upande wa kulia, juu ya mahali palipokuwa na mnara. Nyaya za chai zilikuwa mbali kushoto, na wachumaji walisimama mashambani kuitazama ndege iliyobadili njia.

Bati jekundu likaja. Subilaga alishika usukani sawasawa, mabawa yamenyooka, kama alivyoagizwa. Ilimuuma. Alitazama chini mara moja tu.

Mama yake alikuwa katikati ya ua, amevua kitenge mabegani. Alikikamata kwa ncha mbili, akakiinua juu ya kichwa, akakipunga kulia na kushoto, kulia na kushoto. Mara mbili.

Alitua, akatia saini, akavua glavu, akatembea nusu saa yake kupitia mashambani. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Ndoo ilikuwa imekwisha kuwekwa bafuni, na sabuni, na taulo juu ya kamba.

"Wahi," Mama akasema bila kugeuka, "yasije yakapoa."